Mrehani Usiokatika Nyumbani

Wadada, kikuba bila mrehani ni kikuba gani? Asumini na waridi nanunua Darajani, lakini mrehani ni wa kwangu mwenyewe, kwenye makopo uani, hapa hapa Mji Mkongwe.

Sipandi mbegu. Nakata ncha changa isiyo na ua, kama sentimita 10, chini kidogo ya kifundo. Majani ya chini nayatoa, kijiti nakichomeka kwenye udongo laini wenye samadi kidogo, nakiweka kivulini na kukimwagilia, ila maji yasituame. Baada ya wiki 2 hivi ukikivuta kinakataa: mizizi hiyo! Hapo nakisogeza penye jua. (Ukumbini kwetu giza tupu, nimeshaua vijiti 6.) Kila mwezi nakata vipya, maana mrehani ukishazaa mbegu huzeeka, shina likawa gumu kama kuni.

Kwa nini nahangaika hivyo? Mbegu ni mtoto, wadada; kijiti ni mti ule ule. Wa kwanza niliukata kwa bibi, Makunduchi, kwenye arobaini yake. Nyumba ikauzwa, uani wakamwaga zege.

Nikivaa kikuba mume wangu hunusa, akasema, “Leo bibi kaja.”