Saa ya mkimbiaji: Ni nambari zipi za kuaminika?

UKIINGIA katika msitu wa Karura jijini Nairobi Jumamosi asubuhi, utawaona watu wa makamo wakikimbia huku wakitupia macho mkononi kila baada ya hatua chache. Hawatazami wakati. Wanatazama mapigo ya moyo, mwendo, kalori na nambari nyinginezo ambazo saa za siku hizi huonyesha.

Ni jambo la kutia moyo. Shinikizo la damu, kisukari na maradhi ya moyo yamekuwa mzigo mkubwa kwa wakazi wa mijini, na mazoezi ni mojawapo ya kinga bora tulizo nazo.

Hata hivyo, sisi madaktari hukutana na watu wa aina mbili ambao wamepotoshwa na saa hizi. Kuna yule anayekosa usingizi kwa sababu nambari fulani imeshuka, ilhali ni mzima kabisa. Na kuna yule anayehisi kifua kikimbana lakini anaendelea kukimbia kwa kuwa saa yake haijalalamika. Huyu wa pili ndiye anayetutia wasiwasi zaidi.

Kwa hivyo, mpenzi msomaji, ni vyema ujue ni nini ambacho saa yako inapima, na ni nini inachokisia tu.

Vipimo viwili, makisio mengi

Kwa kiasi kikubwa, saa hizi hupima mambo mawili. La kwanza ni mapigo ya mshipa. Igeuze saa yako na utaona taa ndogo za kijani. Damu hufyonza mwanga wa kijani. Moyo unapopiga, damu huongezeka katika mishipa midogo iliyo chini ya ngozi, na mwanga unaorudi kwenye saa hupungua. Kati ya pigo moja na jingine mwanga huo huongezeka tena. Saa huhesabu kupanda na kushuka huko.

La pili ni mwendo wa mwili. Kifaa kidogo kilicho ndani ya saa hutambua mtikisiko wa mkono na kuhesabu hatua, nacho kingine hupokea ishara kutoka kwa setilaiti ili kujua umekwenda umbali gani.

Hayo mengine mengi, kama vile kalori, uwezo wa pumzi na hata ule unaoitwa "umri wa mwili", ni hesabu zinazofanywa kutokana na vipimo hivyo viwili pamoja na umri, uzito na jinsia uliyojaza ulipoinunua saa. Ikiwa uliandika uzito wa miaka mitano iliyopita, basi majibu nayo yatakuwa na kasoro.

Mapigo ya moyo

Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika. Aliyezoea kukimbia anaweza kuwa na 50 ama hata chini ya hapo bila kuwa na ugonjwa wowote, kwa sababu moyo wake una nguvu na husukuma damu nyingi kwa pigo moja.

Mapigo ya mapumziko, hasa yale ya usiku ama asubuhi kabla hujatoka kitandani, ndiyo nambari yenye faida zaidi kwenye saa yako. Yakishuka polepole baada ya miezi kadhaa ya mazoezi, moyo wako unapata nguvu. Yakipanda kwa mapigo 10 ama zaidi kwa siku kadhaa mfululizo, jiulize sababu. Huenda ni uchovu, ukosefu wa usingizi, pombe, upungufu wa damu, ama homa inayokuja kama vile malaria. Pumzika, na usipopata nafuu nenda ukapimwe.

Wakati wa kukimbia, saa inaweza kukosea. Ikiwa imelegea, huchanganya mtikisiko wa hatua na mapigo ya moyo. Mkimbiaji wengi hupiga hatua 160 hadi 180 kwa dakika. Ukiona saa inakuambia mapigo yako ni 170 ilhali unakimbia taratibu na kuongea na mwenzako bila shida, yamkini inahesabu miguu wala si moyo.

Dawa yake ni kuikaza saa kiasi, juu kidogo ya mfupa wa kifundo cha mkono. Ukiwa bado na shaka, simama, weka vidole viwili chini ya kidole gumba cha mkono wa pili, hesabu mapigo kwa sekunde 30 kisha uzidishe mara mbili. Mkanda unaofungwa kifuani ni sahihi zaidi, kwa sababu husoma umeme wa moyo wenyewe.

Viwango vya mazoezi

Saa nyingi hugawanya mazoezi katika viwango vitano, kuanzia chepesi hadi kikali. Viwango hivyo hutegemea mapigo ya juu kabisa ambayo moyo wako unaweza kufikia, na mara nyingi saa hukisia kwa kutoa umri wako kutoka 220. Mtu wa miaka 45 atapewa 175, na zoezi la wastani, ambalo ni asilimia 64 hadi 76 ya kiwango hicho, litakuwa kati ya mapigo 112 na 133.

Tatizo ni kwamba huo ni wastani wa watu wengi. Watu wawili wa miaka 45, wote wazima, wanaweza kutofautiana kwa mapigo 20 ama zaidi. Kanuni nyingine, iliyochapishwa mwaka wa 2001, humpa mtu wa miaka 60 mapigo 166 badala ya 160.

Wanaotumia dawa za presha wanapaswa kuwa waangalifu zaidi. Dawa kama atenolol, bisoprolol na propranolol hupunguza kasi ya moyo. Anayezimeza akilazimisha mapigo yafike pale saa inapotaka atajiumiza bure. Usiache dawa ili nambari ipande.

Kipimo rahisi ni mdomo wako. Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, hilo ni zoezi la wastani. Ukishindwa kumaliza sentensi fupi bila kuvuta pumzi, hilo ni zoezi kali.

Mwendo na uwezo wa pumzi

Nambari kama 6:30 inamaanisha kwamba unatumia dakika 6 na sekunde 30 kumaliza kilomita moja, kwa hivyo ikipungua umeongeza kasi. Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42.195 huko Vienna mnamo Oktoba 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, mwendo wake ulikuwa takriban 2:50. Usijilinganishe naye. Aidha, katikati ya majumba marefu ishara za setilaiti hugonga kuta na kupotoka, hivyo umbali unaweza kuongezeka ama kupungua.

Nambari inayoandikwa "VO2 max" hueleza ni mililita ngapi za oksijeni ambazo mwili wako unaweza kutumia kwa dakika kwa kila kilo ya uzito. Ili kuipima kikamilifu, mtu hukimbia kwenye mashine akiwa amevaa barakoa inayopima hewa anayoivuta na kuitoa. Saa haina barakoa. Hulinganisha tu kasi yako na mapigo ya moyo.

Chochote kinachopandisha mapigo, basi, hushusha nambari hiyo. Joto la Mombasa hufanya hivyo. Mkazi wa Mombasa akienda kukimbia Eldoret, mji ulio takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, atakuta hewa nyepesi na huenda nambari ikashuka siku hiyo hiyo. Si ugonjwa. Tazama mwelekeo wa miezi miwili ama mitatu, si wa siku moja.

Kalori na hatua

Hapa ndipo saa hukosea zaidi. Mwaka wa 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha matokeo ya kupima vifaa saba vya mkononi. Sita kati yavyo vilipima mapigo ya moyo vikiwa na kosa la chini ya asilimia 5. Lakini kwa upande wa kalori, hata kile kilichofanya vyema zaidi kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, nacho kibaya zaidi asilimia 93.

Kwa hivyo saa ikikuambia umeteketeza kalori 500, usikimbilie chipsi na soda ukidhani umelipia.

Na zile hatua 10,000? Hazikutoka hospitalini. Zilitokana na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka wa 1965, ambacho jina lake lilimaanisha kipimo cha hatua elfu kumi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba kwa walio na miaka 60 na zaidi, manufaa huongezeka hadi kwenye hatua 6,000 hadi 8,000 kwa siku, na kwa walio na umri mdogo zaidi 8,000 hadi 10,000. Ukifikisha 6,000, hujashindwa.

Oksijeni ya damu

Baadhi ya saa huonyesha kiwango cha oksijeni katika damu. Sisi wenye ngozi nyeusi tuwe macho. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2020 ulionyesha kwamba hata vipimo vya kidoleni vinavyotumiwa hospitalini vilikosa kutambua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Mtu anayetweta huku saa yake ikionyesha asilimia 97 bado anahitaji daktari.

Kile ambacho saa haijui

Zipo saa zinazoweza kukuonya kwamba mapigo yako hayana mpangilio, na onyo kama hilo lichukuliwe kwa uzito. Lakini saa haiwezi kutambua mshtuko wa moyo, hali ambapo mshipa unaolisha moyo huziba. Mapigo yanaweza kuonekana ya kawaida huku misuli ya moyo ikifa.

Acha kukimbia mara moja na utafute matibabu ukihisi maumivu ama kubanwa kifuani, maumivu yanayoenea mkononi, shingoni ama kwenye taya, kizunguzungu, kuzirai, jasho baridi, ama kukosa pumzi kuliko kawaida yako. Usisubiri saa ikubaliane nawe.

Vilevile, saa nyingi hazipimi shinikizo la damu, nalo huweza kukaa mwilini kwa miaka bila dalili. Ikiwa umepita miaka 40 na hujafanya mazoezi kwa muda mrefu, ama una kisukari, unavuta sigara, ama katika familia yenu kuna aliyepata maradhi ya moyo mapema, pimwa presha, sukari na mafuta ya damu kabla ya kuanza kukimbia.

Baada ya hapo anza kwa kutembea haraka. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka wa 2020 kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, ama makali kwa dakika 75 hadi 150. Dakika hizo saa yako inaweza kuzihesabu bila kukosea. Andika pia mapigo yako ya asubuhi na jinsi ulivyojihisi, na usijisumbue sana na nambari hizo nyingine.

Na siku utakapokuja kumwona daktari, ivae saa yako. Rekodi ya mapigo ya mwezi mzima inaweza kutusaidia, mradi kwanza utueleze mwili wako umekuwa ukihisi vipi.