Ndege Waliobaki: Siku za Kimya Ufuoni Wakati wa Kusi



Makala haya yanahusu jambo ambalo wengi wetu tuishio baina ya Watamu na Malindi hupita karibu nalo kila siku bila ya kulitazama. Ni habari ya ndege wa matopeni, yaani vitwitwi, sululu na wenzao, ambao hujaa katika hori ya Mida na penye mlango wa mto Sabaki wakati wa kaskazi, kisha ukiingia upepo wa kusi watu husema ndege wamekwisha. Je, ni kweli wamekwisha? Na kama wako waliobaki, ni nani hao, na kwa nini hawakwenda na wenzao?

Kwanza tupafahamu mahali penyewe. Hori ya Mida ni mkono wa bahari ulioingia bara karibu na Watamu, ukazungukwa na mikoko, na nyuma yake upande wa magharibi uko msitu wa Arabuko-Sokoke. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 32. Maji yakipwa, hubaki uwanda mpana wa tope na mchanga, na ndani ya tope hilo mna minyoo, kaa wadogo na konokono wasiohesabika. Hicho ndicho kinachowaleta ndege. Tangu mwezi wa Septemba mpaka Aprili huwa wako kwa maelfu, na wengi wao hawakuzaliwa hapa. Wamezaliwa kaskazini ya mbali, wengine Siberia, karibu na bahari ya barafu, ambako jua halituwi kabisa katika miezi ya Juni na Julai. Ikifika Machi na Aprili hula kwa pupa, hunenepa, hubadili rangi, kisha jioni moja hupaa kwa makundi na kushika njia ya kaskazini kwenda kutaga.

Mimi nilianza kutembea na daftari na darubini ya kuazima mwezi wa Januari, miaka kadhaa iliyopita, ndege wakiwa tele. Ilipofika Juni nilikwenda Mida siku nne. Kila siku nilisimama kwenye upepo tangu Adhuhuri mpaka karibu na Alasiri, na kila niliporudi niliandika maneno mawili tu: hakuna kitu. Siku ya nne alikuwako mzee mmoja akichimba chambo matopeni. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza, “Mwalimu, watafuta nini hapa kila siku?”

“Natafuta ndege, mzee wangu.”

“Ndege si wamekwenda zao! Wamebaki hawa wavivu tu.” Akanyoosha kidole kwenye ukingo wa maji, akaendelea kuchimba.

Niliwatazama hao wavivu. Walikuwa kundi dogo, wa rangi ya kijivu isiyopendeza, wamesimama kwa mguu mmoja. Niliona si kitu, nikafunga daftari nikaenda zangu. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba wale ndio niliokuwa nimewajia, na kwamba mwaka ule katika daftari langu hautapata hesabu tena, maana ndege wa Juni wasipohesabiwa mwezi wa Juni hawahesabiki Septemba.

Basi ni nani hao? Kwa sehemu kubwa ni watoto. Ni ndege waliozaliwa kaskazini mwaka uliotangulia, wakaja huku kwa mara ya kwanza wakiwa na umri wa miezi michache tu, na sasa hawajatimia umri wa kutaga. Chukua mfano wa kitwitwi mmoja mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo chini, ambaye vitabuni huitwa Calidris ferruginea. Uzito wake ni kama gramu 60, yaani pungufu ya barua iliyojaa karatasi. Huzaliana Siberia, hasa katika rasi ya Taimyr na pembezoni mwake, na kutoka huko mpaka Mida ni zaidi ya kilomita 8,000. Safari hiyo huhitaji mafuta mengi mwilini na mbawa zilizo nzima. Mtoto wa mwaka mmoja bado anavaa manyoya yale yale aliyoyaota kwa haraka katika wiki chache za kiangazi cha kaskazini, nayo yamekwisha kuliwa na jua na chumvi. Kama hana la kumpeleka huko, kwani hatataga mwaka huo, faida yake iko wapi? Hivyo hubaki, akala polepole na kubadilisha manyoya, akangoja zamu yake.

Si ndege wote walio sawa katika jambo hili. Wale wadogo zaidi, wenye ukubwa kama wa shomoro, huweza kutaga wakiwa na mwaka mmoja tu, kwa hivyo karibu wote huondoka. Wakubwa kama sululu hukawia kupevuka, na mmoja wao aweza kubaki hapa kusi mbili au zaidi kabla ya kurudi alikozaliwa. Yuko pia yule mnene mwenye kichwa cha duara na mdomo mfupi mnene, Pluvialis squatarola. Mkubwa wake huvaa kifua na tumbo jeusi tititi anapoondoka Aprili, lakini waliobaki wana tumbo jeupe au madoadoa machache tu. Kwa alama hiyo hata mtu asiye na darubini nzuri aweza kumtambua mtoto.

Sasa tuje kwenye jambo la kustaajabisha zaidi, nalo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Huko Taimyr kuna panya wafupi wanene wa nchi ya baridi waitwao lemingi. Idadi yao hupanda na kushuka, na kwa muda mrefu ilionekana kwamba kila baada ya miaka mitatu au minne huwa wengi kupita kiasi, kisha huanguka ghafla. Mbweha wa barafuni huwategemea panya hao kwa chakula. Mwaka wa panya wengi, mbweha hushiba na kuyaacha mayai ya ndege. Mwaka unaofuata, panya wamekwisha na mbweha wako wengi wenye njaa, na hapo huyageukia mayai na makinda. Kwa hivyo mwaka mmoja vitwitwi huleta watoto chungu nzima Afrika, na mwaka mwingine hawaleti takriban hata mmoja.

Watu walilijuaje hili? Wengine walikwenda Siberia, ndiyo, lakini ushahidi mwingine ulipatikana ufuoni kwa watu waliokuwa wakihesabu “wavivu”. Katika hori ya Langebaan, Afrika Kusini, ndege waliobaki wakati wa miezi ya katikati ya mwaka walihesabiwa mwaka baada ya mwaka, na hesabu ikaonekana kupanda na kushuka kwa mpango. Mwaka 1987 wataalamu wawili, Summers na Underhill, walichapisha uchunguzi wao uliounganisha uzazi wa ndege wa Taimyr na panya na mbweha wa huko. Yaani mtu aliyesimama kwenye tope la Afrika mwezi wa Juni, asiyewahi kuona theluji, alikuwa akihesabu matokeo ya kiangazi kilichopita cha Siberia. Siku hizi kuna sehemu za kaskazini ambako mpango huo wa panya umevurugika, jambo ambalo linazidi kuifanya hesabu ya waliobaki iwe na maana.

Na haja ipo. Mwezi wa Oktoba 2024, orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, ile ya IUCN, iliwapandisha daraja ndege kadhaa wa matopeni kwa sababu idadi yao inashuka. Miongoni mwao ni hao wawili niliowataja, mwenye mdomo uliopinda na mwenye tumbo jeusi. Hesabu kubwa ya kimataifa ya ndege wa maji hufanywa kila mwezi wa Januari, wakati wote wako, nayo ni kazi njema. Lakini hesabu ya Januari huchanganya wakubwa na wadogo. Ikionyesha upungufu haisemi peke yake kama wakubwa wanakufa njiani au watoto hawazaliwi. Hesabu ya Juni husaidia kuyatenganisha hayo mawili, na wenye kuifanya ni wachache mno.

Hali kadhalika kuna ndege mla kaa, Dromas ardeola, mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu, na mdomo mzito kama kisu cha kufungulia chaza. Huyu simweki pamoja na wa Siberia. Yeye huzaliana fukweni na visiwani katika Bahari ya Sham, Ghuba, Oman mpaka Somalia, na safari yake haipishani sana na ile ya majahazi ya zamani. Huchimba shimo refu mchangani, akataga yai moja tu, jeupe, na joto la mchanga husaidia kulitunza. Kwa kuwa yai ni moja, mtoto hulelewa sana. Wazazi huja naye mpaka huku kwetu na huendelea kumlisha kaa, naye hali akiwa mkubwa karibu sawa na wao huwafuata akilia. Wakati wa kusi wakubwa wengi huenda zao, na wachache unaowaona Mida mwezi wa Juni, wenye mgongo uliochujuka kuwa kijivu badala ya mweusi, ni wale watoto walioachwa wajitegemee.

Nisieleweke kuwa kusi ni miezi ya mabaki tu. Wako wageni ambao msimu wao ndio huu. Penye mlango wa Sabaki, kaskazini ya Malindi, huja ndege wa hudhurungi wenye mbawa ndefu kama za mbayuwayu, Glareola ocularis, waliozaliwa Madagaska. Huko kwao ndiko hutaga, kisha huvuka bahari kuja kwetu baina ya Aprili na Septemba, na mwezi wa Agosti huweza kuonekana kwa mamia na hata maelfu wakiwinda wadudu hewani. Na katika kile kisiwa kidogo cha mwamba karibu na mlango wa Mida, ambacho wageni hukiita Whale Island, buabua hutaga mayai wakati huu huu wa upepo. Mashua ikikaribia sana, wote huruka kwa pamoja na mayai hubaki wazi juani.

Jambo hilo la kurushwa lataka maelezo kidogo, maana sisi wenyewe tumo ndani yake. Ndege wa matopeni hula maji yakiwa yamepwa. Maji yakijaa hana pa kulia, basi husimama kwenye mchanga mkavu akapumzika na kungoja. Wale wanaosimama kwa mguu mmoja ambao mzee aliwaita wavivu walikuwa wakingoja maji. Mtoto akiwatimua kwa mchezo, au mbwa, au pikipiki ufuoni, huruka, wakazunguka, wakatua, wakatimuliwa tena, na kila mruko hula katika akiba ambayo walikuwa wakiijenga kwa ajili ya safari yao ya kwanza ya kurudi. Nilipokuwa mdogo nami niliwatimua sana, na hakuna aliyenikanya.

Ama kuhusu namna ya kutazama, msijisumbue na vifaa vingi. La muhimu ni kujua maji, nanyi mnaijua tarehe ya mwezi kuliko watu wengi. Siku za mwezi mpevu na mwezi mchanga ni bamvua, na maji hujaa karibu saa kumi jioni. Siku za maji mafu ndege hutawanyika mbali na huonekana kama nukta. Mimi hupenda mwezi kumi na mbili au kumi na tatu, au ishirini na saba. Maji hujaa saa nane au saa tisa mchana, kwa hivyo mtu akifika saa sita, akakaa kitako upande wa magharibi wa hori chini ya mikoko, maji yenyewe humletea ndege mbele yake polepole, na jua la alasiri huwa mgongoni kwake. Asivae nguo nyeupe inayong’aa, wala asisimame ghafla. Ahesabu mara mbili, kisha aandike tarehe, saa, hali ya maji, wangapi wana rangi ya kijivu na wangapi wana wekundu au weusi wowote tumboni. Na kama ni sifuri aandike sifuri, pamoja na mahali aliposimama na muda aliokaa. Sifuri ya namna hiyo ni hesabu, si kama “hakuna kitu” yangu.

Mwisho wa Julai ndipo kimya huanza kuvunjika. Siku moja katikati ya wale wa kijivu huonekana mmoja mwenye kifua chekundu kama tofali, manyoya yamechakaa, anakula bila ya kuinua kichwa. Huyo yamkini ni dume. Katika aina hii madume hawaatamii mayai, kwa hivyo huwa wa kwanza kuondoka Siberia. Majike hufuata baadaye. Watoto wa mwaka huu huja nyuma ya wote, mwezi wa Septemba, bila ya mkubwa wa kuwaongoza, na baadhi yao ndio watakaosimama pale ukingoni Juni ijayo.