Kutoka baiskeli hadi pikipiki: Kwa nini ujuzi wa zamani husaidia na pia huponza

Katika miji ya Arua na Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mtu anayejifunza kuendesha pikipiki mara nyingi huwa tayari ni mwendesha baiskeli hodari. Amewahi kupeleka mihogo sokoni kwa baiskeli, amewahi kumbeba mdogo wake hadi shuleni, na mwili wake umezoea kutoanguka. Kwa sababu hiyo huonekana kuwa mwanafunzi mwepesi: saa moja uwanjani, naye ameshaondoka.

Hatari imejificha papo hapo. Mambo aliyokuja nayo kutoka kwenye baiskeli humwezesha kwenda upesi, lakini hayamfundishi jinsi ya kusimama.

Uhusiano wa vyombo hivi viwili ni wa zamani. Hata jina la boda boda lilitokana na baiskeli. Katika miaka ya 1960, mpakani Busia kati ya Kenya na Uganda, waendesha baiskeli walivusha watu na mizigo kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Pikipiki zilikuja baadaye, zikarithi kazi na jina.

Ujuzi huhama vipi?

Mwaka 1901, wanasaikolojia wawili wa Marekani, Edward Thorndike na Robert Woodworth, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu suala hili. Walieleza kuwa ujuzi wa kazi moja husaidia katika kazi nyingine kwa kadiri kazi hizo zinavyokuwa na sehemu zinazofanana. Palipo na mfanano, mtu hupata wepesi. Pasipo na mfanano, inambidi ajifunze upya. Tabu huja pale ambapo mambo mawili yanafanana kwa sura na kutofautiana kwa kazi, kwa kuwa hapo mwili hutenda jambo la zamani kabla akili haijauliza.

Wanamichezo wa nchi za baridi wanalijua hilo vyema. Kuna mchezo wa kushuka mlima wenye theluji mtu akiwa amesimama juu ya ubao, miguu yote miwili imefungwa. Kuna mwingine wa majini, ambapo mtu husimama juu ya ubao unaofanana na huo, akashika kamba na kuvutwa na mashua ya injini. Aliyezoea theluji akiingia majini huwa amekwisha kujua mengi: kusimama kiupandeupande, kulegeza magoti na kugeuza ubao kwa kuulaza kwenye ukingo wake.

Hata hivyo, kwenye theluji alifundishwa kuuegemea mguu wa mbele. Akifanya hivyo majini, ncha ya ubao huzama naye hutupwa kifudifudi. Kwenye theluji alisimama kwa kuukingamisha ubao dhidi ya mteremko. Majini, njia ya kusimama ni kuiachia kamba. Isitoshe, mashua inapoanza kuvuta, silika humtuma aivute kamba kifuani ili ainuke haraka, ilhali mwalimu humtaka anyooshe mikono, akunje magoti na kuisubiri mashua imwinue yenyewe. Usawa alikuja nao. Namna ya kuanza na ya kusimama hana budi kujifunza upya.

Mkono wa kushoto unaodanganya

Turudi kwenye barabara za Nile Magharibi. Baiskeli na pikipiki zote zina magurudumu mawili, zote husimama wima kwa sababu ya mwendo, na zote hukata kona kwa kulalia upande. Hayo mwendesha baiskeli anayo tayari.

Tofauti kubwa imo mikononi. Kwenye baiskeli nyingi, vishikio viwili vya mikono ni breki: kimoja cha gurudumu la mbele, kingine cha gurudumu la nyuma. Kwenye pikipiki za gia zinazotumika kwa boda boda, kishikio cha kulia ni breki ya mbele, lakini cha kushoto ni klachi. Breki ya nyuma imehamia kwenye mguu wa kulia, nao mguu wa kushoto umepewa kazi ya gia.

Mtoto akitokea ghafla barabarani, mwanafunzi aliyetoka kwenye baiskeli huubana mkono wa kushoto. Anaamini amefunga breki. Kwa kweli ameitenga injini na gurudumu, na ikiwa yuko kwenye mteremko, pikipiki hukimbia ikiwa huru zaidi kuliko awali.

Mkono wa kulia nao una mtego wake, kwa kuwa ndio unaovuta breki ya mbele na ndio unaozungusha mafuta. Anayeendesha baiskeli akishtuka hung'ang'ania usukani kwa nguvu, na hakuna linaloharibika. Anayeendesha pikipiki akifanya hivyo huku mwili ukirushwa nyuma, kiganja huzungusha mafuta na pikipiki huzidi kuruka mbele.

Miguu pia hukumbuka. Baiskeli ikiyumba, mtu hushusha miguu yote miwili chini na kuizuia. Pikipiki ya boda boda ina uzito wa zaidi ya kilo 100, na mguu wa kulia ukishushwa mapema huwa umeiacha breki ya nyuma.

Hesabu ya mwendo

Macho ya mwendesha baiskeli yamezoea kukadiria umbali kwa mwendo mdogo. Akienda kilomita 15 kwa saa, sekunde moja ya kushtuka humpeleka mbele mita 4 hivi. Kwa kilomita 60 kwa saa, sekunde hiyohiyo humpeleka karibu mita 17 kabla hata hajagusa breki.

Baada ya hapo, umbali wa kusimama hauongezeki kwa ulinganifu na mwendo. Mwendo ukiwa mara 4, na breki zikishika kwa nguvu ileile, umbali huo huwa mara 16. Kwenye lami kavu, breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa kwa sababu uzito huhamia mbele chombo kinapopunguza mwendo. Kwenye changarawe au tope, ikibanwa kwa ghafla, gurudumu la mbele huteleza na chombo huanguka.

Barabara moja, sheria mbili

Nile Magharibi kuna mtihani mwingine wa mazoea. Barabara ya lami inayotoka Vurra, kwenye mpaka wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hupita Arua na Koboko hadi Oraba, kwenye mpaka wa Sudan Kusini. Urefu wake ni takriban kilomita 92. Kote huko, kama kwingineko Uganda, vyombo hupita upande wa kushoto. Ukivuka kuelekea Aru au soko la Ariwara nchini Kongo, au kuelekea Kaya nchini Sudan Kusini, vyombo hupita upande wa kulia. Kongo ilirithi utaratibu huo kutoka kwa Wabelgiji. Sudan, wakati Kusini ikiwa bado sehemu yake, iliacha kushoto na kuhamia kulia mwaka 1973.

Dereva wa gari ana kikumbusho: nafasi ya usukani humwonyesha kuwa yuko ugenini. Usukani wa pikipiki uko katikati, na hakuna chochote kwenye chombo kinachomkumbusha mwendeshaji kuwa sheria imegeuka. Kulipita gari la mbele, kukata kona na kutazama kabla ya kuingia barabarani vyote hubadilika upande. Kwenye mzunguko wa barabara, Uganda huzungukwa kwa kufuata mwelekeo wa mishale ya saa, na Kongo kinyume chake.

Wakati wa hatari zaidi huwa ni pale mtu anapojisikia yuko salama: anapoondoka dukani barabara ikiwa tupu, anapotoka kituo cha mafuta, au anaporejea nyumbani akiwa amechoka. Sweden ilitoa funzo la namna hiyo. Tarehe 3 Septemba 1967, nchi hiyo ilihama kutoka kushoto kwenda kulia. Mwanzoni ajali zilipungua, kwa kuwa kila mtu aliendesha kwa hadhari. Watu walipozoea, ajali zilirudi katika kiwango chake cha kawaida. Wahenga walikwisha sema kuwa mazoea yana taabu.

Mwanafunzi afanye nini?

Kwanza, ajifunze kusimama kabla ya kujifunza kwenda. Injini ikiwa imezimwa, aisukume pikipiki uwanjani na kufunga breki ya mkono wa kulia pamoja na ya mguu wa kulia, akitamka kwa sauti: kulia breki, kushoto klachi. Arudie hadi mwili ujibu bila kuulizwa.

Pili, azoeze dharura. Kuendesha mwendo ulionyooka hakumwonyeshi mtu tabia zake za zamani. Mshtuko ndio huzifichua. Mwenzake amwamrishe kusimama bila kumtahadharisha, kwa mwendo wa polepole kwanza, kisha kwa mwendo unaozidi kidogokidogo, kwenye ardhi ngumu na kwenye changarawe.

Tatu, asibebe abiria wala mzigo mpaka hayo yamemkaa. Uzito wa nyuma hubadilisha usawa na hurefusha umbali wa kusimama. Sheria ya Uganda inamtaka awe na leseni ya daraja la pikipiki na kuvaa kofia ngumu, na kuwa bingwa wa baiskeli hakumwondolei masharti hayo.

Nne, kwa anayevuka mpaka, asimame kabisa kabla ya kuingia upande wa pili na ajikumbushe ukingo wa barabara utakuwa upande gani: kushoto kwake nchini Uganda, kulia kwake nchini Kongo na Sudan Kusini. Anaweza kufunga kitambaa kwenye mkono wa usukani ulio upande wa ukingo, akakihamisha kila avukapo, kwenda na kurudi.

Ujuzi wa baiskeli ni mtaji halali, na hakuna sababu ya kuudharau. Lakini mwenye mtaji huo anahitaji mazoezi ya kusimama kuliko hata yule ambaye hajawahi kupanda chombo chochote, kwa sababu mkono wake wa kushoto tayari una jibu, na jibu hilo ni la chombo kingine.