Picha za Mtoto Mchanga: Mambo ya Kupanga Kabla ya Kupiga

Mtoto anapozaliwa, simu hutoka mfukoni kabla hata jina halijapatikana. Nyanya yuko kijijini, shangazi yuko ng'ambo, na wote wanauliza swali moja: amefanana na nani? Picha hulijibu. Miaka 20 baadaye, picha hiyo hiyo humwonyesha kijana jinsi alivyolala ndani ya leso ya mama yake. Ni kumbukumbu njema, wala haihitaji kamera ya bei ghali. Simu ya kawaida inatosha.

Hata hivyo, mtoto wa siku chache mwili wake haujaweza kujitunzia joto vizuri, shingo yake haijakaza, na hana kauli kuhusu nani aione sura yake. Mzazi ndiye anayemsemea. Makala haya yanaeleza jinsi ya kupata picha nzuri bila kumhatarisha mtoto wala kuvunja haki yake.

Chagueni wakati unaofaa

Wapiga picha wengi hupenda kati ya siku ya 5 na ya 14, kwa kuwa wakati huo mtoto bado hulala usingizi mzito na hujikunja kama alivyokuwa tumboni. Hilo si sharti. Mama aliyejifungua kwa upasuaji apewe nafasi ya kupata nguvu. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati asubiri hadi wahudumu wa afya waridhike na hali yake. Familia nyingi hapa Pwani hungoja arobaini iishe ndipo mtoto aonyeshwe watu, na kwa kungoja huko hakuna kinachoharibika.

Jambo la kuangalia ni kwamba siku ya picha isigongane na siku ya kliniki. Mtoto hupewa chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio mara anapozaliwa. Mama na mtoto huchunguzwa tena ndani ya saa 48, kisha kati ya wiki ya kwanza na ya pili, na tena kati ya wiki ya 4 na ya 6. Mtazame kijitabu cha mama na mtoto kabla ya kupatana na mpiga picha.

Joto kwanza, pozi baadaye

Joto la kawaida la mtoto mchanga ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Akivuliwa nguo, hasa akiwa ametoka kuogeshwa au upepo wa kusi unapovuma, joto hilo hushuka haraka. Basi mpigeni akiwa amevaa, au amefungwa leso na kofia kichwani. Mkitaka picha ya miguu au tumbo, fungueni sehemu hiyo kwa dakika chache kisha mfunike.

Msiingize jiko la makaa katika chumba kilichofungwa ili kumpasha mtoto joto. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoweza kumuua mtoto na kila aliyelala humo. Njia salama ya kumpa joto ni kumweka kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wakafunikwa pamoja. Nayo ni picha nzuri kuliko nyingi za studio.

Zile picha za mtoto aliyeegemeza kidevu juu ya viganja, au anayening'inia ndani ya kitambaa, kwa kawaida huunganishwa kwa kompyuta kutoka picha mbili au zaidi. Wakati wa kupiga, mkono wa mtu mzima huwa umemshika mtoto, kisha hufutwa. Msijaribu pozi hizo nyumbani. Mlazeni chali, mahali pa chini na tambarare, na mtu mmoja awe karibu naye kiasi cha kumgusa muda wote. Anayepiga asimame kando, kwani simu ikimponyoka isimwangukie mtoto usoni.

Anayemshika mtoto anawe mikono kwa sabuni na avue pete na bangili. Mwenye mafua au kikohozi angoje siku nyingine. Poda, manukato na wanja wa machoni havina kazi hapa: poda huingia kifuani anapovuta pumzi, na aina nyingine za wanja zina madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Mwanga wa dirisha

Zimeni taa ya kamera. Humshtua mtoto na kuipa ngozi rangi isiyo yake. Mlazeni karibu na dirisha au mlango uliofunguliwa, pasipo jua la moja kwa moja wala upepo, mwanga umjie kutoka ubavuni. Saa tatu au saa nne asubuhi panafaa. Futeni kioo cha kamera kwa kitambaa safi na msogee karibu badala ya kuvuta picha kwa simu. Subirini anyonye, abeue na kusinzia. Nusu saa inatosha, na akilia, picha zimekwisha kwa siku hiyo.

Mwanga huo una kazi nyingine iliyo kubwa zaidi. Chumba chenye giza huficha ngozi inayogeuka manjano, na programu za kurembesha picha huificha zaidi. Mtoto akiwa dirishani, mtazameni weupe wa macho, ufizi, viganja na nyayo. Manjano yakionekana ndani ya saa 24 za kwanza, au yakifika viganjani na nyayoni siku yoyote, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Msimtumie jamaa picha ili awape ushauri. Vivyo hivyo kama hanyonyi, anapumua mbio, ana degedege, amelegea, au mwili una joto kali au baridi isiyo ya kawaida.

Mkiwa wodini

Ombeni ruhusa ya muuguzi kwanza. Wodi ya kina mama ni mahali pa faragha: nyuma ya mtoto wenu kuna mama mwingine anayenyonyesha, na huenda kuna mwingine aliyempoteza wake. Hakikisheni hawaonekani. Kwa familia iliyofiwa na mtoto, picha moja ya utulivu inaweza kuwa kumbukumbu pekee watakayobaki nayo. Wanaoitaka waweza kumwomba muuguzi awasaidie, na wasioitaka wasilazimishwe.

Nani aione?

Kubalianeni mapema, baba, mama na jamaa, ni nani atakayetuma picha na wapi. Msisambaze picha za mtoto akiwa uchi, hata za kuoga. Msionyeshe bangili ya hospitali, kijitabu cha kliniki wala karatasi ya kuzaliwa, kwa sababu vina majina, tarehe na namba ambazo tapeli anaweza kuzitumia. Picha ikishatoka mkononi, mtu mwingine anaweza kuichukua na kuomba michango kwa jina la mtoto mgonjwa asiyekuwepo.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, na matumizi hayo yawe kwa maslahi ya mtoto. Hivyo mpiga picha hana ruhusa ya kumweka mtoto wenu kwenye bango lake la biashara kwa kuwa tu mlimlipa ampige. Andikianeni: idadi ya picha, bei, na kama anaruhusiwa kuzionyesha. Malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Mkiona mtoto yeyote anadhulumiwa, mtandaoni au mtaani, pigeni simu bila malipo nambari 116.

Zihifadhini

Simu huibwa, huanguka majini, hufa. Wekeni nakala mahali pawili na mchapishe chache kwenye karatasi. Mpeni simu mtu mwingine pia, ili mama aonekane. Mara nyingi yeye ndiye mpiga picha, na mtoto hukua bila kuona picha aliyobebwa naye.

Mwisho, mkumbuke karatasi ambayo hakuna picha inayoweza kuchukua nafasi yake. Kuzaliwa kwa mtoto kunapaswa kuandikishwa ndani ya miezi 6. Aliyezaliwa hospitalini, taarifa hutolewa hapo hapo. Aliyezaliwa nyumbani, mwoneni naibu wa chifu. Mkishapiga picha za siku za kwanza, iulizeni na karatasi hiyo iko wapi.