Je, Wajua? Aliyeuza Vyungu Akaishia Kwenye Santuri

Je, wajua kwamba kampuni iliyomrekodi nyota wa opera kutoka Ufaransa ndiyo iliyomrekodi pia binti wa mfinyanzi wa Fumba, Unguja?

Nyota huyo, Emma Calvé, aliyezaliwa 1858 na kuvuma kwa kuigiza Carmen, alirekodiwa London mwaka 1902 na kampuni ya Gramophone. Mwaka 1928, kampuni hiyohiyo, kwa santuri zake zenye picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni, ilimrekodi binti huyo wa Fumba, Siti binti Saad, huko Bombay.

Siti alizaliwa mnamo 1880, akapewa jina la Mtumwa. Akitembeza vyungu kichwani, alinadi biashara kwa kuimba. Wateja walimsikia kabla hawajamwona. Mwaka 1911 akahamia mjini.

Huko taarab ya kasri la Sultani ilikuwa ya Kiarabu. Siti akaiimba kwa Kiswahili, akatia na visa vya mitaani. Wimbo wake wa “Kijiti” ulitokana na kesi ya mauaji. Santuri nayo ilikuwa na ubahili wake: upande mmoja ulimeza dakika tatu hivi tu, basi muulize mpenzi wa taarab kama hizo zinamtosha!

Alifariki 1950. Mwandishi Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na chama cha wanahabari wanawake wa Tanzania, TAMWA, kikaliita jarida lake *Sauti ya Siti*. Anayesikia taarab leo redioni huko Chewele nchini Kenya, au mkahawani Garsen akingoja basi la Lamu, anaisikia kwa lugha aliyoichagua Siti.