Namna ya Kufufua Radio ya Zamani ya Taa

Wasomaji wetu, katika nyumba za wazee kungali radio za zamani zenye taa za kioo ndani, zile zilizosema kwa nguvu ya jiwe kavu tu, bila umeme wa ukuta. Wengine wanazivunja wapate shaba. Tunaona ni hasara, kwa kuwa nyingi zaweza kusema tena.

Iliyo na sifa sana upande wetu huu ni ile ya Lusaka, "Saucepan Special", maana yake sufuria. Ilitoka mwaka 1949 kwa bidii ya Bwana Harry Franklin. Kiwanda cha Ever Ready kiliitengeneza. Sanduku lake lilikuwa la aluminiamu, la mviringo kama sufuria kweli, na ndani taa 4. Bei pauni 5, na jiwe mbali. Hata mtu wa mugini aliweza kusikia habari kwa Kibemba.

Sasa, namna gani kuipa nguvu leo, kama jiwe lake haliuzwi tena? Mujue kwamba inataka nguvu mbili. Ndani ya kila taa mna uzi mwembamba sana, unaopashwa moto kwa volti 1.5 tu. Kisha volti 90 zinavuta umeme kutoka uzi ule. Kwa ile ndogo, jiwe moja kubwa la R20 linatosha. Kwa ile kubwa, shikamanisheni majiwe 10 ya volti 9, moja nyuma ya lingine.

Hapa angalieni sana! Mukibadilisha waya, volti 90 zikaingia kwenye nyuzi, taa zote zinakufa mara moja, na kupata zingine ni kazi kweli. Basi pimeni kila waya mbele ya kufunga. Tena volti 90 zinapiga mkono.

Mbele ya hayo yote toeni vumbi, na kondensa za karatasi mubadilishe, hata zikionekana nzima. Zinavujisha umeme, na majiwe yanakwisha upesi. Msingoje kuona mwanga: nyuzi hizi haziwaki kama taa ya nyumba.

Radio Okapi hamtaipata kwa FM, maana radio ya sufuria inashika mawimbi mafupi tu. Fungeni waya mrefu juu ya mti, mutafute usiku, karibu na meta 49.