Jina la Faili Halikuambii Kitu

Kijana aliyeniletea laptopu yake mwezi uliopita alikuwa ameshapiga hesabu. "Fundi, nimezihesabu mwenyewe. Ziko sitini na moja." Alichohesabu ni mistari yenye jina svchost.exe ndani ya Task Manager. Mwenzake wa chuo alikuwa amemwambia kwamba hao ni virusi wanaozaliana, naye alikuwa anatafuta namna ya kuwafuta wote. Pembeni alikuwa amechomeka flashi iliyotoka kuprintiwa kazi kwenye duka la steshenari, na ndani yake palikuwa na folda ya njano iitwayo "Picha za Harusi". Hiyo hakuitilia shaka hata kidogo.

Alikuwa anaogopa kisichodhuru na kukiamini kinachodhuru. Namweleza msomaji kisa hiki kwa sababu nakutana nacho kila wiki kwa sura tofauti, na chanzo ni kilekile: watu wanalihukumu faili kwa jina na picha yake. Jina anaandika yeyote. Picha anabandika yeyote.

Tuanze na svchost.exe. Hiyo ni programu ya Windows yenyewe, kazi yake ni kubeba huduma nyingine: mtandao, sauti, saa, masasisho. Zamani huduma nyingi zilipakiwa pamoja ndani ya svchost chache. Mwaka 2017 Microsoft ilibadilisha utaratibu katika Windows 10, na kompyuta yenye RAM inayozidi gigabaiti 3.5 ikaanza kuzitenganisha, karibu kila huduma na svchost yake. Ndiyo maana unaziona makumi kwa makumi, na hilo ni jambo la kawaida. Ukilazimisha baadhi yake zisimame, mashine inaweza kuzimika palepale.

Lakini watengeneza virusi wanajua kwamba svchost haishangazi mtu, kwa hiyo hujificha nyuma ya jina hilo. Wapo wanaogeuza herufi, wakaandika scvhost, na jicho likapita bila kugundua. Wengine huliandika sawasawa kabisa. Hapo ndipo kipimo cha kwanza kinapokuja: faili linakaa wapi? Bofya mstari wake kwa kitufe cha kulia, chagua Open file location. Svchost halali hukaa C:\Windows\System32, na ile ya programu za biti 32 hukaa SysWOW64. Ukiikuta ndani ya Temp, AppData au Downloads, huyo ni mgeni aliyevaa sare ya askari.

Kisha tazama saini. Kwenye faili lenyewe bofya kulia, ingia Properties, halafu Digital Signatures. Utaona jina la kampuni iliyolitia saini, na ukifungua Details Windows itakuambia kama saini ni nzima. Hata herufi moja ya ndani ikibadilishwa baada ya kusainiwa, saini inavunjika. Usishtuke ukikuta baadhi ya mafaili ya Windows yenyewe hayana ukurasa huo. Saini zake zimewekwa kwenye orodha ya pembeni. Ila programu inayojitangaza kuwa ya kampuni kubwa, umeipakua mtandaoni, na haina saini yoyote, mimi siifungui.

Kipimo cha tatu ndicho ninachokitegemea zaidi. Kila faili lina hashi yake, kama binadamu alivyo na alama ya kidole. Fungua Command Prompt, andika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Utapata herufi na tarakimu 64. Zinakili, zitafute VirusTotal, huduma iliyoanzia Hispania mwaka 2004 na kununuliwa na Google mwaka 2012. Itakuonyesha antivairasi zaidi ya 60 zinalisemaje faili hilo. Tafuta kwa hashi kwanza kabla ya kupandisha faili lenyewe, maana unachopandisha pale wateja wa huduma hiyo wanaweza kukipakua. Orodha ya mishahara ya ofisi yako usiipeleke huko.

Majibu yake yanahitaji akili. Antivairasi moja ikilalamika na nyingine zote zikanyamaza, mara nyingi ni kosa lake, hasa kwa programu ndogo za watengenezaji wasiojulikana. Ishirini zikilalamika, futa. Na sifuri si cheti cha usalama, kwani kirusi cha jana huenda hakijajulikana na yeyote.

Hata vipimo vyote vitatu vinaweza kudanganywa. Agosti 2017 toleo 5.33 la programu ya CCleaner lilitoka kwenye tovuti halisi ya watengenezaji, likiwa na saini halisi, na ndani yake wavamizi walikuwa wameshapenyeza msimbo wao. Watumiaji milioni 2.27 walikuwa nalo kabla halijagunduliwa Septemba. Saini inakuambia faili limetoka kwa nani. Haikuambii kama nyumba ya huyo mtu ilivunjwa.

Sasa turudi kwenye folda ya harusi. Windows huficha mwisho wa jina la faili usipoiambia vinginevyo. Hila hii ina umri: Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilisambaa duniani kikiwa na jina LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, na wengi waliona TXT tu wakadhani ni barua. Nilifungua File Explorer, nikaingia View, nikaweka tiki kwenye File name extensions. Folda ya njano ikageuka kuwa "Picha za Harusi.exe". Kwenye safu ya ukubwa ilionyesha kilobaiti kadhaa, wakati folda ya kweli huacha safu hiyo wazi. Kijana alinyamaza, akaisogelea skrini.

Nakuomba ndugu msomaji, weka tiki hiyo leo, kwenye kompyuta yako na ya ofisini. Haichukui dakika moja, na ukitoka steshenari na flashi yako utaona mwenyewe kilichopanda humo.

Picha za harusi hazikupotea. Kirusi kilikuwa kimezificha tu na kukaa mahali pake. Nilifuta lile faili, nikasafisha laptopu, nikaandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.*, na folda halisi ikarudi ikiwa na picha zote.